Mkonde-konde kwa Maji, Mkonde-konde kwa Klorofomu

Katika warsha za tiba asili kuna sentensi moja isiyokosekana: sayansi ya leo imethibitisha yale waliyoyajua wazee wetu tangu zamani. Ikishasemwa ukumbi hupiga makofi, mgeni rasmi hutabasamu, na mjadala unaishia hapo. Mimi nina mgogoro na sentensi hiyo, na mti ninaoutumia kuipinga ni uleule unaotajwa sana kama ushahidi wake: mkonde-konde wa Kilimanjaro.

Wataalamu wa mimea wanauita Prunus africana. Ni wa ukoo mmoja na mpichi na mlozi, na humea katika misitu ya milimani kuanzia Cameroon mpaka Madagascar. Kwetu huku unaukuta kwenye msitu wa mlima, na mara mojamoja ndani ya kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, umesimama juu ya migomba na mibuni kama mzee aliyekaribishwa kivulini akasahau kuondoka. Gome lake ni la kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, nalo hupasukapasuka vipande vya mraba. Ukichuma jani ukalifikicha kati ya vidole, hutoa harufu ya lozi chungu. Harufu hiyo ina sababu: mti una kemikali ambayo ikipondwa huachia sianidi kidogo. Mbega na ndege hula matunda yake bila wasiwasi. Mbao zake ni ngumu, na watu wengi waliouangusha walikuwa wanatafuta mpini au boriti, si dawa.

Matumizi yake ya tiba katika nchi zetu za milimani, Tanzania na Kenya, yanafanana. Gome hutolewa, hukaushwa au hutumiwa bichi, huchemshwa kwa maji, na maji yake mekundu hunywewa kwa maumivu ya tumbo, homa au kifua. Wanakunywa wanawake, wanaume, hata watoto wakubwa. Kabla hatujafika Ulaya, msomaji ayakumbuke mambo mawili: kwamba hutumika maji, na kwamba orodha hii ya maradhi haikuanza na tezi dume.

Watu wengi huamini kwamba upimaji wa ubora uliingia Uchagani pamoja na koti jeupe. Si kweli. Mzee anayejua dawa haletewi gome kwenye mfuko akalipokea hivihivi. Atauliza limetoka mti gani, uko kwa nani, juu au chini ya barabara. Akiweza ataomba jani alifikiche. Atalivunja gome aone ndani lina rangi gani na nyuzi zake zinakatikaje, atalinusa, atatafuna ncha yake na kutema. Likiwa limeota ukungu atalitupa. Likiwa limekaa sana mpaka halina tena ukali mdomoni, atalitupa pia. Baada ya kulichemsha ataangalia rangi ya maji. Kisha kuna kipimo kikubwa kuliko vyote hivyo, nacho ni mtoaji mwenyewe. Aliyekupa dawa ni jirani, shangazi au baba wa ubatizo. Ikikudhuru, unajua mlango wa kugonga. Yeye naye anajua kwamba unajua.

Kipimo hicho si cha kubeza. Kinatambua mti vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza mwenye darubini, na kinamzuia mwongo kwa njia ambayo sheria haiwezi. Lakini kina mapungufu makubwa. Ulimi hauhesabu miligramu. Ini linaloharibika taratibu kwa miaka 3 halimwambii mnywaji kwamba kosa ni la kikombe cha asubuhi. Na waliokunywa wasipone hawarudi kutoa ushuhuda; wanaorudi ni waliopona, na wengine wao wangepona hata kwa maji ya moto matupu.

Sasa twende Ufaransa. Mti huu ulipoingia kwenye vitabu vya Wazungu katika karne ya 19 uliitwa Pygeum africanum, na mwaka 1965 mtaalamu wa mimea Kalkman akauhamishia kwenye jenasi ya Prunus. Biashara haikumsikiliza, mpaka leo kwenye chupa za vidonge utasoma pygeum. Mwaka uliofuata, 1966, Mfaransa Jacques Debat alichukua hataza ya kiini cha gome hilo kama dawa ya kukua kwa tezi dume, ule uvimbe usio saratani unaowaamsha wanaume wazee usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Kampuni yake ikaiuza kwa jina la Tadenan. Daktari wa Ufaransa au Italia aliiandika kwenye cheti kama anavyoandika dawa nyingine yoyote.

Kiini hicho hakitengenezwi kwa maji. Gome kavu husagwa, likalowekwa kwenye klorofomu iliyotiwa kidogo pombe ya ethanoli, kisha klorofomu huvukizwa na kubaki kitu laini kinachonata, chenye asili ya mafuta. Waraka wa mimea dawa wa Mamlaka ya Dawa ya Ulaya unataja uwiano wa 114 hadi 222 kwa 1: yaani kati ya kilo 114 na 222 za gome ili kupata kilo 1 ya kiini. Mgonjwa humeza miligramu 100 kwa siku. Kwenye kiini hicho watengenezaji huahidi kiwango cha steroli, kwa kawaida asilimia 14, na asilimia 0.5 ya alkoholi iitwayo dokosanoli. Steroli hizi, ikiwemo beta-sitosteroli, ndizo zinazodhaniwa kupunguza uvimbe kwenye tezi.

Je, inafanya kazi? Mapitio ya shirika la Cochrane yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliopewa kiini walikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao wa dawa bandia katika kusema wamepata nafuu; kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19 na mkojo unaobaki kibofuni kwa asilimia 24. Wahakiki haohao waliongeza kwamba majaribio yalikuwa madogo, ya muda mfupi, na vipimo vyake havikulingana. Kwa hiyo jibu ni kwamba inaelekea inasaidia kiasi. Si uongo, wala si muujiza.

Hapa ndipo makofi ya warsha yanaponikera. Beta-sitosteroli haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana, na dokosanoli vilevile. Anayechemsha gome kwenye sufuria huko Kibosho, Kilimanjaro, anapata tanini, rangi, uchungu na vitu vingine vinavyokubali maji. Vile ambavyo Debat alivitafuta vinabaki kwa sehemu kubwa ndani ya gome ambalo mama wa nyumba atalimwaga kwenye shina la mgomba. Nacho kidonge cha Paris hakina karibu chochote kati ya vile vinavyoyafanya maji ya Kibosho kuwa mekundu. Mti ni mmoja, dawa ni mbili. Majaribio ya Ulaya hayajathibitisha chai ya Uchagani wala hayajaikanusha, kwa sababu hayakuigusa. Na wazee waliotibu tumbo na homa hawakuwa wamemtangulia Debat kwenye tezi dume. Walikuwa wakifanya kazi nyingine, na kazi hiyo inastahili kupimwa kwa haki yake yenyewe.

Kuna kejeli nyingine ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye warsha. Mwaka 2016 Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilipotoa waraka wake kuhusu gome hili, haikuliweka kwenye kundi la dawa zilizothibitishwa kwa majaribio. Ililiweka kwenye kundi la dawa za jadi. Jadi ya nani? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inahesabu jadi kwa miaka 30 ya matumizi, ambayo angalau 15 iwe ndani ya Umoja wenyewe. Kwa hiyo kidonge kilichozaliwa kwa hataza ya 1966 sasa kinahesabiwa kama urithi wa Ulaya, na uzito wa hoja hiyo unatoka kwenye maduka ya dawa ya Ulaya. Mchaga, Mkikuyu anayeuita mti huu muiri, na mwenzao wa mlima Cameroon hawamo kwenye hesabu hiyo. Sioni haja ya kukasirika sana. Nilichojifunza ni kwamba hata Wazungu, takwimu zikiwapungukia, hukimbilia hoja ileile ya mzee wa Old Moshi: tumeitumia muda mrefu na haijatuua.

Ili nisionekane nimeangukia mti mmoja, nitaje jirani yake, msesewe. Huu kila mnywaji wa mbege, pombe yetu ya ndizi, anaujua hata kama hajawahi kuuona ukiwa umesimama. Ndizi mbivu huchemshwa muda mrefu mpaka ziwe nyekundu, zikaachwa kuchachuka siku kadhaa, zikachujwa, ndipo uji wa kimea cha ulezi ukaongezwa. Kati ya hatua hizo huingia gome la msesewe, limekaushwa, limepondwa na kuchemshwa, nalo huipa mbege ule uchungu unaozuia utamu wa ndizi usikinaishe. Kipimo ni ulimi wa mama mpishi. Anaonja kwa kijiko, ananyamaza kidogo, anaongeza maji ya msesewe au anaacha. Ukizidi, wateja wataamka na kichwa kizito na tumbo lenye fujo, na kesho yake kilabu chake kitakuwa kitupu. Sijui ukaguzi wa ubora wenye adhabu ya haraka kuliko huo.

Msesewe ni Rauvolfia caffra. Una ndugu India, Rauvolfia serpentina, ambaye Wahindi kwa karne nyingi walitumia mzizi wake kwa kuumwa na nyoka, kukosa usingizi na wazimu. Ndugu hawa wawili walikwenda njia tofauti kabisa. Mwaka 1931 madaktari Sen na Bose waliandika kwamba mzizi huo unashusha shinikizo la damu na kutuliza vichaa. Mwaka 1949 Rustom Vakil wa Bombay alichapisha matokeo yake kwenye jarida la moyo la Uingereza, na dunia ikageuka kutazama. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakakitoa mzizini kiambata kimoja kisafi, reserpini. Baada ya hapo hapakuwa tena na haja ya kuonja. Kidonge cha miligramu 0.25 kina miligramu 0.25, basi; na kwa wale waliotaka kuendelea kuuza mzizi mzima, vitabu vya viwango vya dawa viliweka sharti la angalau asilimia 0.15 ya alkaloidi za kundi la reserpini. Usafi huo ulileta na hasara yake: wagonjwa wengine walizama kwenye huzuni nzito, na leo dawa yenyewe haiandikwi sana.

Kwa hiyo ukiweka India, Ufaransa na Uchagani pamoja unapata njia tatu. Ya kwanza hutoa molekuli moja na kuutupa mmea. Ya pili hutoa mchanganyiko na kuufunga kwa namba. Ya tatu inaacha gome zima lijieleze kwenye sufuria. Kupima ya kwanza ni rahisi, maana kuna kitu kimoja cha kukitafuta. Ya pili ni kazi, kwa sababu vitu ni vingi na hakuna mwenye uhakika ni kipi kinachotibu. Ya tatu ndiyo ngumu kupita zote, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyoachiwa watu wenye vifaa vichache zaidi.

Nimetaja sufuria makusudi. Wachina wana kisa ambacho kingepaswa kubandikwa ukutani kwenye kila ofisi inayokusanya orodha za miti dawa. Katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kuhusu pakanga ya Kichina, artemisia, kwa ajili ya homa za vipindi: chukua konzi moja, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hakusema chemsha. Mwaka 1971 Tu Youyou, ambaye timu yake ilikuwa ikipata matokeo yasiyotabirika, alirudi kwenye maelezo hayo, akahisi kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na artemisinini ikapatikana. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Mmea huohuo ulikuja kulimwa kwenye nyanda za Arusha na kandokando yake kwa ajili ya viwanda vya dawa mseto za malaria. Somo la Ge Hong halikuwa jina la mmea, kwa kuwa majina yalikuwa tele. Lilikuwa namna ya kuushika.

Sasa fungua orodha zetu. Utakuta jedwali safi: jina la Kichaga, jina la Kilatini, sehemu inayotumika, ugonjwa, na kwenye safu ya mwisho neno moja, huchemshwa. Gramu ngapi? Kwenye maji kiasi gani? Dakika 10 au mchana kutwa hadi maji yabaki nusu? Kwenye chungu au sufuria ya aluminiamu? Gome bichi au lililokauka darini juu ya moshi wa jiko? Kila jibu linabadilisha kilichomo kikombeni. Mtafiti aliyetembea kilomita nyingi kuupata mti akaandika neno moja kuhusu upishi wake amerudi na nusu ya dawa. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la miaka 50 ya utafiti wa tiba asili Afrika Mashariki, kubwa kuliko uhaba wa fedha unaolaumiwa kila mara.

Maabara inaweza kufanya mengi, na baadhi yake hayahitaji mashine za mamilioni. Mjini Moshi kipo chuo cha famasia ambacho, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, kimefundisha wafamasia wa viwandani na wa mamlaka za dawa kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mojawapo ya vipimo vya kwanza anavyojifunza mtu kwenye maabara ya aina hiyo ni kromatografia ya tabaka jembamba. Bamba la kioo au aluminiamu lililopakwa unga mweupe wa silika huwekewa chini yake vidoa vidogo, kimoja cha sampuli na kingine cha gome linalojulikana kuwa halisi. Bamba husimamishwa kwenye mtungi wenye kimiminika cha sentimita moja hivi. Kimiminika hupanda taratibu, kama chai inavyopanda kwenye andazi, kikibeba kila kemikali kwa mwendo wake. Baada ya nusu saa bamba hutolewa, hunyunyiziwa asidi, hupashwa moto, na hapo madoa ya zambarau na kahawia hujitokeza moja juu ya jingine. Safu mbili zikilingana, gome ni lenyewe. Zisipolingana, kuna mtu amedanganya au amekosea mti.

Kisha kuna kuchoma. Gome hutiwa kwenye tanuri mpaka libaki jivu. Jivu likizidi kiwango, na hasa lile lisiloyeyuka kwenye asidi, huo ni mchanga. Anayejua vumbi la Moshi mwezi Februari, na anayejua magome huanikwa wapi, hahitaji kuelezwa zaidi. Hupimwa unyevu, maana gome lenye unyevu huota ukungu. Hutafutwa vijidudu vya kinyesi. Hutafutwa metali, na hapa Kilimanjaro kipimo hicho si mapambo ya kigeni: wakulima wa kahawa wamepuliza dawa za shaba, mrututu na ndugu zake, kwa miongo mingi dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, na mti wa dawa uliomo kihambani umepokea mvua hiyohiyo ya bluu.

Hata hivyo maabara hujibu lile tu ililoulizwa. Ukipeleka chupa ya maji ya mkonde-konde ukamwambia mfamasia aipime kwa kiwango cha Ulaya, ataitafuta steroli, hataipata ya kutosha, na ataandika kwamba dawa haina ubora. Kumbe inaweza kuwa imetengenezwa vizuri kabisa kwa namna yake. Kuazima kiwango bila kuazima na njia ya utengenezaji ni kama kupima pishi la mchele kwa futi kamba. Chai ya gome inahitaji kiwango chake: tanini kiasi gani, uchungu kiasi gani, iharibike baada ya siku ngapi, na ile kemikali ya sianidi isizidi wapi. Kwa gome linalochemshwa swali hilo la mwisho si la kubuni; harufu ya lozi ile niliyoitaja mwanzoni si marashi.

Hatari yenyewe siioni kwa mzee wa kihambani wala kwa mtengenezaji wa Ulaya. Iko katikati yao, mjini. Pita kwenye masoko ya Moshi na pembeni ya stendi. Akina mama wa Kimasai wametandaza magome na mizizi chini, na angalau hao unaweza kuwauliza, yeyo, hii ni nini, akakuonyesha kipande kizima chenye sura. Hatua chache mbele kuna meza ya chupa na vikopo vya unga. Unga hauna sura. Lebo inasema tezi dume, kisukari, presha, nguvu za kiume na vidonda vya tumbo, kwa pamoja, na chini yake kuna namba ya simu. Muuzaji si jirani yako, kwa hiyo kipimo cha mlango wa kugonga kimekufa. Bamba la silika halijaiona chupa hiyo, kwa hiyo kipimo cha pili hakijazaliwa. Wauzaji wa aina hii hukopa heshima ya wazee kwa mkono mmoja na namba za majaribio ya Ulaya kwa mwingine. Duniani kote unga wa nguvu za kiume umekutwa mara nyingi umechanganywa na sildenafili ya kiwandani, na mwenye shida ya moyo anayemeza vidonge vya nitreti anaweza kuangushwa na kijiko kimoja cha kitu alichoambiwa ni mizizi tu.

Nchi haikukaa kimya. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya mwaka 2002 ilizaa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao, na Mkemia Mkuu wa Serikali hupokea sampuli kwa uchunguzi. Njia ipo. Ila kwenye meza ya stendi mteja haulizi namba ya usajili. Anauliza kama ilimsaidia mtu. Tuliliona jambo hilo kwa kiwango cha taifa mwaka 2011, magari yalipopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mugariga cha shilingi 500 cha mchungaji Ambilikile Masapila. Kikombe kile kilikuwa na kipimo kimoja tu: lazima kitoke mkononi mwake. Ni kipimo kilekile cha Uchagani cha mtoaji, lakini kimenyooshwa mpaka kimekatika, kwa kuwa maelfu waliosimama kwenye foleni hawakumjua na yeye hakuwajua, wala hakukuwa na mlango wa kurudia.

Kwenye tezi dume gharama ya kipimo kilichokufa ni kubwa. Waraka wa Ulaya una sharti dogo ambalo kwangu lina thamani kubwa kuliko asilimia zote 14 za steroli: dawa itumike baada ya daktari kuondoa uwezekano wa ugonjwa mkubwa. Saratani ya tezi dume na uvimbe wa kawaida huweza kuanza kwa malalamiko yaleyale, mkojo wa kusuasua na safari za usiku. Mzee anayetumia unga miaka 2 kwa sababu safari zimepungua kutoka nne hadi mbili anaweza kuwa anapewa nafuu ya kweli huku saratani ikihamia kwenye mifupa. Hospitali ya KCMC iko hapohapo Moshi tangu 1971, ina madaktari wa njia ya mkojo, na kipimo cha damu cha tezi dume si ndoto tena. Mzee anayeona aibu kupimwa kwa kidole atakunywa chochote kitakachomwondolea aibu hiyo, na muuza unga analijua hilo vizuri.

Na mti je? Ule uwiano wa hadi 222 kwa 1 si namba ya maabara peke yake. Nchini Cameroon, kampuni iliyomilikiwa na Wafaransa ilinunua magome kwa miongo kadhaa. Utaratibu mzuri uliokubaliwa ni kubandua robo mbili za mzingo zinazotazamana na kuacha nyingine mbili zipeleke chakula mizizini, ili gome liote tena. Wachumaji waliolipwa kwa kilo walivua mti mzima au kuuangusha kabisa. Mwaka 1995 mti ukaingia kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ambapo usafirishaji huhitaji kibali, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha kununua kutoka Cameroon. Kilimanjaro iliepuka wimbi kubwa la namna hiyo, lakini msitu wake una historia yake ya milango kufunguliwa na kufungwa: ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili Wachaga wapate kuni na majani, hifadhi ya taifa mwaka 1973, kisha mwaka 2005 msitu wenyewe kuingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Kisheria, gome la mkonde-konde linalouzwa Moshi leo lilipaswa kutoka kihambani kwa mtu. Mimi ningependa kuona swali hilo, limetoka kwa nani, likirudi kwenye lebo. Mzee wetu aliliuliza kwanza kabla ya kunusa, na famakopea ya Ulaya, kitabu chake cha viwango vya dawa, hailiulizi.

Ulaya haitatufanyia kazi iliyobaki. Hakuna kampuni itakayolipia majaribio ya chai ambayo yeyote mwenye sufuria anaweza kuipika na ambayo hakuna hataza ya kuilinda. Ni kazi ya hapa, na sehemu yake ya kwanza haina gharama ya kutisha: kukaa na wapishi 20 au 30 wa dawa hii kutoka Rombo hadi Siha, kupima kwa mizani gome wanaloweka, kupima maji, kushika saa wakati inachemka, kuchukua chupa ya kila mmoja na kuipeleka maabara mjini ionekane kama chai zao zinafanana au kila kaya ina dawa yake. Baada ya hapo ndipo kuuliza kama inashusha homa au kutuliza tumbo, maradhi ambayo wazee waliitumia kuyatibu. Tezi dume ije mwishoni kabisa, na anayeuza chai akitaka kutaja majaribio yale 18 kwenye lebo yake, alazimishwe kutaja na klorofomu.